Kidole Kwenye Mizani

Kila Jumamosi, nyama ikikaribia kwisha,
ubishi unarudi buchani kwangu, Walukuba,
kama nzi: unawafukuza, wanatua palepale.
Opolot anakunjua gazeti lenye mafuta.
"Mugoya," anasema, "hakuna aliyempata."
Na Tibenkana, fundi baiskeli, bila kuinua kichwa:
"Hakuna aliyempata kwa sababu lori lilimpata kwanza."

Mapambano kumi na tisa. Kumi na nane ushindi,
moja sare, hapa hapa Jinja, ukumbi wa kiwanda,
na Adiga wa Arua.
Kisha lile lori la miwa, barabara ya Iganga,
saa moja jioni, taa moja ikiwaka.
Miaka ishirini na mitatu.
Tangu hapo hajapigwa ngumi hata moja.

Sikiliza wanavyomjenga.
Mwaka wa kwanza, kushoto yake ilikuwa nzito.
Mwaka wa tano ilivunja mbavu.
Sasa naambiwa, mimi niliyekuwa ukumbini,
kwamba yule mtu wa Kisumu aliangushwa na upepo wake tu.
Ng'ombe aliyekufa, nawaambia, kila mwaka huongezewa maziwa.
Wanacheka. Opolot hacheki.

"Haya, tuseme angeishi," anasema Tibenkana,
spana mkononi, anahesabia hewani:
"thelathini inafika, goti linalegea,
anakwenda Nairobi kupigwa na vijana
kwa nauli ya kurudi.
Angekuwa Adiga."

Kimya, maana Adiga tunamjua.
Analinda kituo cha mafuta pale njia panda,
sikio moja limekufa, koti limemzidi mabega.
Alipigana hadi thelathini na tisa.
Alishinda mara arobaini na moja. Nani anazikumbuka?
Watoto wanazikumbuka zile kumi na tatu alizolala chini,
na wao walikuwa hawajazaliwa.
Usiku ule, raundi ya nane, nilimwona
akimrudisha Mugoya kwenye kamba
polepole, kama mtu anayerudisha mbuzi zizini.
Sare ile, wallahi, haikuwa sare.

Lakini siyasemi hayo. Nasema, "Kilo ngapi?"

Kwa sababu mimi ndiye niliyewapima.
Zamani hizo nilikuwa mpimaji wa pamba,
na chama kiliazima mizani ya kiwanda,
ile ya kusimama juu yake.
Mugoya alizidi nusu kilo.
Akanitazama. Mtoto wa mtaa wetu,
mlango wa nne kutoka kwetu.
Kidole changu kikapata kazi chini ya chuma.
Nusu kilo: glasi mbili za maji.
Adiga alikuwa nje, amekalia begi lake,
midomo imepasuka,
hajanywa kitu tangu Karuma.

Kwa hiyo wanaponigeukia, "Wewe mzee, amua,
kifo kimemwongezea au hakikumwongezea?"
natafuta kisu kisichopotea.
Kifo kina kidole, ndiyo.
Hakikuwa kidole cha kwanza.

Jumamosi iliyopita akaingia Nangobi, mama yake,
kununua nusu. Wala hakubisha hodi,
na hawa walikuwa wamefika kwenye ngumi ya Kisumu.
Opolot akampisha kama anayepisha jeneza.
"Endeleeni," akasema, anafungua fundo la leso.
"Mmechukua wa kwenye gazeti. Sawa.
Mimi nilibaki na yule aliyekojoa kitandani
hadi darasa la tatu. Huyo hamjanigombea.
Ningempokea amepigwa mara mia.
Ningempokea na koti la mlinzi,
kiziwi, mnene, ananikopa hela ya sigara."

Tibenkana akaokota mnyororo ambao haukuanguka.

Nikamkatia nyama.
Nikaongeza kipande cha paja, kwa heshima ya marehemu,
nikatamka, "Nusu, mama, nusu kamili."
Akautazama mshale. Akautazama mkono wangu,
akakaa nao muda mrefu kuliko inavyohitajika kununua nyama.

"Baba Zamzam," akasema, "pima tena."